Tulipoposa Nyumba Siyo

Mpwa wangu alipotaka kuoa, baba yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kazi ya kwenda kuposa ikaniangukia mimi mjomba wake. Binti alikuwa wa kijiji kimoja cha kusini, ndani kidogo ya barabara kuu, ukishapita msitu wa Jozani. Mimi ni mtu wa mjini. Nimezaliwa Ng'ambo, nikahamia Michenzani, na pikipiki yangu haijui safari ndefu. Kusini ya kisiwa nilikuwa nikipita tu, kama wanavyopita wageni.

Siku chache kabla ya safari, mjomba wa binti alinipigia simu kunielekeza.

"Mkiiacha barabara mtauona msikiti wa bati la kijani," akasema. "Hapo simameni mumuulize mtu yeyote. Mtaletwa mpaka mlangoni."

"Usitaabike," nikamjibu. "Siku hizi tuna ramani kwenye simu. Kijana ameshanitumia alama ya nyumba."

"Haya, bwana. Lakini kuuliza si ujinga."

Wiki ile nzima nikawa sina jengine ila kutafuta programu ya kutuongoza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye ana pikipiki, na ndiye tuliyekuwa tukibishana naye kila baada ya sala ya magharibi, chini ya jumba letu. Yeye alishikilia ile inayotumiwa na kila mtu. Nikaijaribu. Mjini haikuwa mbaya, lakini ilinihesabu kama nna gari, ikawa inanizungusha kwenye lami tu, na mtandao ukikatika nayo inakaa kimya. Ya pili ilisema Kiswahili, ila majina ya mitaa iliyatamka kama mtu aliyeungua ulimi kwa chai. Siku moja ikaniingiza kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho mwisho wake ni ngazi, na bibi mmoja akalazimika kujibanza ukutani na kapu lake la samaki mpaka nilipofanikiwa kugeuza.

Ya tatu ndiyo iliyonikaa moyoni. Ilitengenezwa hasa kwa wapanda pikipiki. Unaipakua ramani ya kisiwa kizima kabla hujatoka, unakwenda bila mtandao, na inakuchagulia hata vijia vya mashambani.

"Na vijia hivyo wewe unavijua?" shemeji akaniuliza.

"Programu inavijua," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya posa tulitoka watu watatu. Ami yake kijana, mdogo wa marehemu baba yake, alikaa nyuma yangu. Shemeji alitufuata kwenye pikipiki yake. Tulikuwa tumevaa kanzu na makofia, kanzu tumezikunja viunoni zisiingie kwenye minyororo. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye usukani. Jozani tukapunguza mwendo, kima punju wawili wakavuka mbele yetu bila haraka, na mimi nikajiona kiongozi wa msafara wa maana.

Tulipoiacha barabara kuu, msikiti wa bati la kijani ulikuwa pale pale alipousema mjomba wa binti. Mtu mmoja aliyekaa kwenye ngazi zake akasimama na kutunyoshea mkono. Simu ilikuwa inasema niende mbele, basi nikampungia na kupita. Baadaye nilikuja kuambiwa kuwa aliwekwa pale makusudi kutungojea.

Programu ikatutia kwenye kijia cha mawe baina ya mashamba ya muhogo, kikazidi kuwa chembamba, mpaka ikasema, "Umefika." Mbele yetu palikuwa na nyumba ya mawe. Uwanja wake umefagiwa, na barazani umetandikwa mkeka. Mzee mmoja mwenye msuli na kofia alikuwa amekaa peke yake. Nikaona kila kitu kinathibitisha kwamba tunangojewa. Nikaifungua simu kwenye usukani, nikaitia mfukoni.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykumu ssalaam. Karibuni. Piteni, kaeni."

Tukakaa. Tukaulizana hali, tukaulizana habari za mjini na za mvua. Kisha nikakohoa na kuanza maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima.

"Mzee, sisi tumekujieni kwa jambo la heri. Tumekuja kuomba udugu. Kijana wetu ameliona ua katika bustani yenu, na anaomba ruhusa yenu alichume kwa halali."

Maneno ya posa ndivyo yalivyo, hayamtaji mtu. Laiti ningemtaja.

Mzee alitutazama mmoja mmoja.

"Hatukupata habari kabla," akasema taratibu, "lakini mwenye kuleta heri hahitaji kutangulizwa na habari."

Hapo ndipo nilipotakiwa nishtuke. Nikadhani ni uungwana wake tu. Akageuza uso kwenye pazia la mlango. "Bi mkubwa, mmesikia huko?"

"Tumesikia," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi." Mara ya pili sauti ilikuwa karibu ya kilio. Kisha nikasikia kabati linafunguliwa na vikombe vinatolewa.

Mzee akanisogelea. "Wanangu, lazima nikwambieni kweli, kesho pasije pakawa na lawama. Binti yetu aliolewa akaachwa. Hakujaaliwa mtoto, na hilo ndilo lililomrudisha nyumbani. Kijana wenu anajua?"

Nikamtazama ami. Ami akamtazama shemeji. Binti tuliyemfuata sisi alikuwa ndio kwanza amemaliza chuo, hajaolewa hata siku moja. Nikaitoa simu mfukoni na kuiangalia kwa pembe ya jicho. Ile alama nyekundu haikuwa hapa. Ilikuwa mbele, nyuma ya minazi. Programu ilitufikisha pale kijia cha pikipiki kilipokoma, ikaona kazi yake imekwisha.

Wenzangu wakainamisha vichwa. Wa kusema nilikuwa mimi.

"Mzee," nikasema, "tuwie radhi. Nadhani tumekosea nyumba."

Aliutazama mkeka, akaanza kuuchezea ukingo wake kwa kidole. Ndani, vikombe vikanyamaza. Nimeshawahi kuanguka na pikipiki hadharani, nimeshawahi kusahau maneno mbele za watu, lakini haya za siku ile hazikuwa za aina hiyo. Zile mtu huzibeba mwenyewe. Hizi nilikuwa nimewatwika watu wengine, ndani ya nyumba yao.

"Mnatafuta kwa nani?" hatimaye akauliza. Nikamwambia. "Aa. Hao wako nyuma ya minazi ile." Akavuta pumzi. "Kunyweni chai kwanza. Imeshatengenezwa."

Mama mwenyewe akaileta, kwa vikombe vya mstari wa dhahabu ambavyo bila shaka havitolewi kila siku. Hakutuinulia macho. Nilikunywa chai ile kama dawa.

Baada ya hapo mzee akavaa shati, akatuongoza kwa miguu, sisi tukikokota pikipiki nyuma yake. Kwenye nyumba ya pili watu walikuwa wameshaanza kuingiwa na wasiwasi. Mzee akawaambia, "Nimekuleteeni wageni wenu. Msiwalaumu kuchelewa. Nimewaona njiani, nikawang'ang'ania kwa chai." Wote wakacheka, wakamshukuru. Akatoa salamu na kurudi zake.

Posa ilikubaliwa. Maneno ya ua sikuweza kuyasema tena. Nilimtaja binti kwa jina lake na jina la baba yake, wenyeji wakaniona mtu asiyejua adabu za posa.

Tukaondoka kurudi mjini. Tulipofika karibu na Jozani ndipo ami akaniinamia sikioni. "Yule mama alishukuru mara mbili," akasema.

Mke wangu nilipomhadithia aliuliza kitu kimoja tu. "Na binti mwenyewe alikuwepo?"

"Sijui. Sikumuona."

"Alikuwepo. Angekuwa wapi?" Akanitazama. "Lazima turudi tukawatake radhi."

Nilikubali, kisha nikawa natafuta visingizio. Leo mvua, kesho breki. Mwisho aliniambia kwamba nisipokwenda, atakwenda yeye peke yake kwa gari za abiria. Basi nikampakia, tukenda.

Mzee alitupokea kama aliyetutegemea. Binti akatoka na sinia la chai. Alikuwa mwanamke wa makamo hivi, mrefu, vidole vyake vina rangi ya zambarau ya kutia ukili wa kushonea mikeka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Nikaanza kuomba radhi, nikajikwaa, nikaanza tena. Aliniacha nihangaike kidogo, kisha akaliweka sinia chini.

"Nilikuwa jikoni mlipokuwa mnasema," akasema. "Mama akaja kunikumbatia. Mimi nikamwambia pale pale, mama, mwambie baba awajibu sitaki. Nshaolewa mara moja, inatosha. Kwa hiyo, mjomba, usijione kama umenikatisha tamaa."

"Ni kweli?" nikauliza, na mara nikatamani ulimi ungenidondoka.

Alinitazama sawasawa, si kwa hasira. "Chai inapoa," akasema.

Akaingia ndani na mke wangu. Kupitia pazia niliwasikia wakizungumza habari za ukili na rangi, na namna rangi ya siku hizi inavyochuja upesi. Baadaye wakacheka, na mama yake akacheka pamoja nao. Mimi na mzee tukabaki barazani. Sikuthubutu kuingia, wala kuaga sikuweza. Mzee akaniuliza kama mjini mvua imenyesha, nikamwambia imenyesha kidogo.