Maji ya Kuangalia

Nilikuwa na studio ya picha Newala mjini: chumba kimoja, benchi, kioo, tai moja ya mpira kwa wateja wote, na pazia. Pazia ndilo lililonilisha. Mchora mabango mmoja alikuwa amenichorea juu yake Dar es Salaam nzima, maghorofa matatu, barabara isiyo na shimo hata moja, na ndege inayopita chini mno, mpaka mteja mrefu alilazimika kuinama. Bawa la ndege hiyo lilipochanika, mama yangu alilishona kwa uzi mweusi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, filamu za rangi zinauzwa hadharani, na kila mtu anataka aonekane amefika mahali. Kwangu walifika kwa dakika tano, kisha wakarudi kupalilia mikorosho.

Mara bwana mmoja wa Masasi akatundika pazia lenye maghorofa manane na lifti. Lifti, jamani! Mlango umechorwa wazi, mteja anasimama kama ndiyo kwanza anatoka. Wateja wangu wakaanza kupanda magari kwenda Masasi ili wafike Dar. Nilikasirika sana. Nikaamua kwenda Dar yenyewe, nikapige picha majengo na sanamu zao, fundi aje anichoree pazia la kumkomesha yule bwana.

Mama, aliyekuwa akiishi kijijini Kitangari, alipopata habari alifunga mzigo wake. "Nami nakwenda," alisema. "Nikaione hiyo Dar unayowauzia watu."

Tulikaa njiani siku tatu, kwa tope na kivuko. Mjini, kila nilipoinua kamera alitokea mlinzi.

"Mzee, hapa hairuhusiwi."

"Kwani hili ni jengo la nini?"

"Ni jengo."

Kwenye sanamu ya askari hatukufukuzwa. Mama aliizunguka, magari yakimpigia honi, akauliza yule askari amesimama pale tangu lini. Nikamwambia tangu wakati wa Mwingereza.

"Na hakuna aliyemwambia vita vimekwisha?"

Katika ghorofa moja nililolipenda kwa roshani zake, tuliwakuta wanawake wakipanda ngazi na ndoo kichwani hadi juu kabisa, kwa sababu bomba halikuwa na nguvu ya kupandisha maji. Mama, aliyeteka maji bondeni na kuupanda mteremko tangu utotoni, alishika kiuno.

"Sisi mteremko tulipewa na Mungu. Hawa wamejijengea wenyewe!"

Ng'ambo ya barabara, katika bustani ya ofisi fulani, palikuwa na bomba linalorusha maji juu, kimo cha mtu. Yanaanguka katika beseni la saruji, yanarushwa tena. Mama alivuka, akatoa kikombe chake cha plastiki ili achote. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, hayo si ya kuchota."

"Ni ya kufulia?"

"Hapana, mama. Ni ya kuangalia."

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. "Ya kuangalia! Mwanangu, nipige picha hapa hapa. Nikisimulia kwetu bila picha nitaonekana nina wazimu."

Picha ilitoka safi, mama na kikombe chake, maji nyuma yake. Hakuna aliyeiamini.

Sasa, Kitangari bomba la kijiji lilitoa maji lilipopenda. Wanawake walipanga ndoo alfajiri, wakaenda shamba, na maji yalipotoka ugomvi ukaanza: ya nani ilitangulia? Aliyeukata ni mama. Hakuwahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mtu, mimi mwenyewe nililelewa na shida hiyo, kwa hiyo alichosema kuhusu ndoo kilikuwa kimekwisha. Aliporudi na habari ya maji ya kuangalia, wakaanza kutazamana.

Aliyemshika koo zaidi ni jirani yake, mjane, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa Dar mwaka wa pili, ofisini, ghorofani. Ndivyo mjane alivyosema.

"Mwanangu hajaniandikia upuuzi huo," alisema. "Na hiyo picha umepigwa kwa mwanao. Kwa mwanao hata mbuzi wangu anapanda ndege! Mtu anayesema maji yanaangaliwa ndiye aniambie ndoo yangu ilikuwa ya ngapi?"

Wakacheka wote. Siku hiyo kwenye foleni hakuna aliyemwuliza mama kitu. Alikuja Newala kwa miguu, amevimba kwa hasira, akaniamuru nibebe pazia hadi Kitangari, watu wote waone kwamba halina tone la maji.

Nikalitundika kati ya mikorosho miwili, mchana, kijiji kizima kikaja. Watoto waligombea kusimama chini ya ndege. Mama alinyoosha kidole: "Haya, nionyesheni maji!" Wengine walianza kutikisa vichwa. Wallahi tulikuwa tumeshinda.

Ndipo mjane akaja na picha ya mwanawe, aliyoificha sandukuni miaka yote miwili kwa kuogopa husuda. "Leo nitawaonyesha Dar ya kweli, mlinganishe na takataka hii," alisema, akampa mama. "Anza wewe, shahidi."

Nilichungulia begani kwa mama. Kijana amesimama wima na tai ya mpira. Nyuma ya bega lake, ncha ya bawa la ndege, ambayo macho ya uzeeni ya mjane hayakuitambua, na juu yake uzi mweusi.

Nilimkumbuka mara moja. Alipigwa picha kwangu, safari yake ya Dar ikaishia Masasi, akakwama huko akipakia magunia ya korosho ghalani. Nilikuwa nikimwona, bila kujua ni mwana wa nani. Alikuwa akijificha nyuma ya magunia kila alipoona mtu wa kwetu.

Mama aliugusa ule uzi wake kwa kidole. Kisha akamrudishia mjane picha, akiwa ameifunika uso chini.

"Ficha picha yako, mwenzangu, watu wana macho mabaya," alisema. Akawageukia wengine. "Basi, niliwadanganya. Mwanangu ana pazia jingine, lenye maji."

"Mama!"

"Nyamaza. Shusha pazia lako."

Walimzomea. Njia nzima hadi kwake nililalamika, pazia begani. "Ana picha moja tu," mama alinijibu, "nami ndiye nimchanie mbele ya watu?" Machozi yalikuwa yakimtoka, na yalinitoka mimi pia. Miezi iliyofuata foleni ilikosa mwamuzi. Walipasuliana ndoo mbili, na mama akawa anaketi pembeni, mikono hajui aiweke wapi.

Sikuvumilia. Nilikwenda Masasi, nikamkuta yule kijana ghalani, nikamweleza yote. Alijifuta vumbi usoni. Aliniomba jambo moja tu: tai.

Siku ya Idi alishuka Kitangari, tai shingoni. "Shikamoo, mama," alimwamkia mama yangu kwa kupiga goti. "Marahaba, baba." Mjane hakumpa nafasi hata ya kunywa maji. Alimwuliza mbele ya wote kama kweli Dar kuna maji ya kuangalia.

"Yapo, mama," akajibu mtu ambaye hajawahi kuiona Dar. "Nayapita kila asubuhi nikienda kazini."

"Yanarushwa hadi wapi?"

"Yanapita ghorofa ya tatu."

Loo! Wanawake wakamgeukia mama, wamepigwa na butwaa. "Kumbe ni kweli! Yanapita ghorofa ya tatu?"

Mama alimtazama kijana, akaitazama na tai.

"Yanapita," alisema.

Kesho yake alfajiri walikuja kumwita bombani, akaseme ndoo ya nani ilitangulia.