Cherehani Kilichofunikwa kwa Leso

Nianze na jambo nililolikana kwa miaka mingi: mimi ni mkusanyaji wa vyerehani vya kale. Wageni walipoingia sebuleni kwangu hapa Lodwar na kukuta vitu vimepangwa ukutani, vimefunikwa leso, niliwaambia ni mizigo ya shangazi. Shangazi mwenyewe alifariki akiwa hana hata sindano. Nilikana kwa sababu mwanamke aliyesomeshwa historia hadi chuo kikuu hatarajiwi kuonekana amepiga magoti na mswaki mkuukuu, akisugua kutu usiku kucha kama anayemwogesha mtoto.

Mwanangu, umekuwa ukiniuliza jinsi ya kujua umri wa cherehani, nami nimekujibu kuhusu namba zilizogongwa kwenye chuma, maua ya dhahabu yaliyobandikwa shingoni, na kile kichuma kinachobeba uzi wa chini. Kichuma chenye umbo la risasi ni cha zamani. Bobini ya mviringo ilikuja baadaye. Hayo utayapata hata kwenye simu yako. Leo nataka kukueleza la Furaha.

Nakumbuka asubuhi aliyobisha. Alikuwa fundi wa nguo kutoka upande wa Kakuma, kwenye kambi za wakimbizi, Mkongo, mwanamke wa umri wangu, na amebeba gunia zito mgongoni.

"Ejok," akasema, salamu ya kwetu ikitoka kwa lafudhi ya kwao. "Niliambiwa kuko mama mwenye nyumba imejaa mashini."

"Nani amekuambia?"

"Kila mutu."

Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Nikamwambia mimi si mkusanyaji. Akatazama juu ya bega langu, akaona leso zangu zimejipanga. "Na hizi zimelala kama wagonjwa ni nini?"

Nikamkaribisha.

Ndani ya gunia mlikuwa na cherehani cha mkono, cheusi, kinang'aa kupita kiasi. Akaeleza: alipohamishwa kutoka Kakuma kwenda Kalobeyei, makazi ya jirani, alimpa fundi mmoja wa vyerehani wa hapa mjini, kando ya soko, cherehani cha mama yake akitengeneze gurudumu. Fundi akakaa nacho miezi, halafu akamrudishia hiki. Furaha akasema hiki si chake. Fundi akacheka, akamwambia amekisafisha tu, ndiyo maana hakijui tena. Majirani nao wakamwambia ashukuru, kimependeza. Lakini kilikuwa kinakata uzi kila baada ya mshono mmoja, na yeye alikuwa amechukua kazi ya sare za shule. Kalobeyei umeme ni wa kubahatisha, na cherehani cha mkono ndicho kilichokuwa kikilisha watoto wake.

Nikakigeuza. Kichwa kilikuwa cha cherehani kimoja, gurudumu la kingine. Mafundi wetu wana mazoea hayo: vyerehani vinavyosubiri kwenye karakana huazimana viungo, cha leo kikipona kwa paja la cha jana, hadi hakuna kinachokumbuka kilikuwa nani. Nikafungua chini: bobini ya mviringo.

"Chako kilikuwa hivi?"

"Hapana. Yangu iko na kale kachuma karefu. Kama risasi."

Mwanangu, kachuma hako nilikuwa nako. Wiki chache kabla, fundi huyohuyo wa kando ya soko aliniuzia cherehani cha mkono chenye kichuma cha risasi. Nilipomuuliza kimetoka wapi, alijibu, "Madam, kuna mzee wa Kapedo." Kila anayeuza kitu cha kale Lodwar ana mzee wake wa Kapedo. Ukiwakusanya wazee hao wote, Kapedo haitakuwa na nafasi ya mbuzi. Nililijua hilo, nikanunua, kwa kuwa kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kugusa. Kilikuwa pale pale nyuma ya Furaha, chini ya leso ya zambarau.

Akili iliyosoma ni nyepesi kupata wakili. Yangu ilimpata mara moja. Huyu mwanamke nimemjua lini? Aliyemwelekeza kwangu ni nani? Je, kama fundi mwenyewe amemtuma, wakichukue bure na kukiuza tena? Nikamuuliza namba ya cherehani chake.

"Namba?" Akanishangaa. "Mama, nani anasomaka namba ya mashini ya mama yake?"

Nikaondoa leso zote, hasa ili nimtazame uso. Akakiendea kile kilichokuwa chini ya leso ya zambarau, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Rangi ilikuwa mpya, mpini mpya.

"Ninazani ni hii."

"Unadhani?"

"Wamekivalisha nguo zingine."

"Mtu yeyote angechagua hicho. Ndicho kizuri kuliko vyote humu."

Akageuka taratibu. "Sema tu, mama. Sema mimi mwizi, nirudie gari ya Kakuma mapema."

Niliuliza kama kuna mtu mwingine aliyekijua. Akasema mama yake yuko hai, Uvira, kwao Kongo, na ana simu.

Kabla sijapiga simu hiyo, mwanangu, nisikilize. Shuku dhahabu inayong'aa kwenye chuma kilichochakaa. Shuku skrubu mpya kwenye tundu la zamani. Mshuku mzee wa Kapedo mpaka umwone kwa macho yako. Ila ukimaliza kuvishuku hivyo vyote, igeukie ile hadithi unayotamani iwe kweli, uishuku zaidi ya zote, kwa sababu hiyo ina rafiki ndani ya kifua chako. Na shaka ukishaipata, usiifunike leso. Ipeleke kwa mtu anayeweza kuijibu, hata kama jibu litakuachia pengo ukutani. Mungu akujalie jicho kali, mikono isiyo na haraka, na nyumba ambayo hakuna anayeweza kuingia akaona kitu chake humo.

Basi nikapiga. Nilimwambia Furaha asiseme neno, asije akamdokezea. Nikaiweka simu kwenye spika. Simu ikaita, ikakatika, ikaita tena.

"Allô?" Sauti ya mwanamke mzee, na kuku nyuma yake.

Nikajitambulisha. Nikasema nina cherehani mbele yangu, sijui ni cha nani. Je, chake kilikuwa na alama?

"Alama ya inje walishafuta, eh? Banafutaka yote." Akakohoa. "Angalia mu tumbo yake. Pale mafuta inadondokaka. Niliweka kitambaa."

Kitambaa nilikijua. Nilikikuta siku niliyofungua cherehani hicho, kimejaa mafuta, nikakiacha mahali pake kwa kuwa kanuni ya kazi hii ni kutong'oa usichokielewa. Nilikuwa nimeshakipa na umri: mgeni kutoka Nairobi nilimwambia, kwa sauti ya mhadhara, kwamba ni cha enzi za ukoloni.

"Kitambaa cha namna gani, mama?"

"Kitenge. Bluu, na ndege wa manjano. Njo ile nilikuwa nabebeaka Furaha mu mugongo. Ilipasuka, nikakata kipande, sikupenda kutupa."

Furaha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nikainamisha cherehani, nikaingiza vidole, nikakivuta. Nikakipangusa kwenye gauni langu mpaka ndege mmoja akaonekana.

"Uko unasikia, mama?" ikauliza simu.

"Nasikia."

"Ndege iko?"

"Yuko."

"Basi Mungu akubariki wewe na nyumba yako," akasema. "Sasa umusaidie mutoto wangu kuibeba. Ni nzito, ile."