Mtu wa Chukudu Kwenye Theluji

Josaphat Kambere amelala Masereka, kando ya mama yake, tangu mwezi wa sita. Mungu alimwita mchana, akiwa ameketi, rozari mkononi. Waliokuja kwenye kilio walisema mema mengi juu yake, na yote ni kweli. Lakini wengi wao walikuwa vijana, na hawakujua jambo ambalo jamaa yake inajivunia kuliko mengine yote: kwamba mwaka wa elfu mbili na moja, katikati ya vita, alikwenda Ulaya, akateremka mlima wa theluji akiwa na mbao miguuni, kisha akarudi. Hasa kwamba alirudi.

Kazi yake ilikuwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wenye magurudumu mawili na usukani. Alibeba viazi kutoka Masereka mpaka Butembo. Kupanda unasukuma mpaka kifua kiwake moto. Kuteremka unapiga goti juu ya ubao na kuuacha mlima ukubebe, huku mguu wa nyuma ukikanyaga kipande cha tairi kinachobana gurudumu. Hiyo ndiyo freni, hakuna nyingine. Josaphat alikuwa na mguu mzito, na katika miaka kumi na saba hakumwaga gunia hata moja.

Askari wa Uganda na wanamgambo wa Mayi-Mayi walipopigana kando ya barabara, malori yalikataa kupita, na makartoni ya dawa za wakimbizi yakabaki Butembo. Josaphat akakusanya watu kumi wa chukudu. Kila juma, kwa miezi mitano, walizipandisha dawa kwa njia za vilimani mpaka kwenye kituo cha afya cha Masereka. Wawili walipigwa na askari, mmoja alivunjwa mkono, dawa hazikupotea. Parokia moja ya Uswisi, iliyokuwa imezituma, ikaomba mtu mmoja aje awaeleze zilifikaje. Padri wa Masereka akamchagua yeye.

"Josaphat, usikie vizuri," padri alimwambia. "Ukirudi, mwaka ujao ataenda Katungu, miezi mitatu, kusoma kazi ya kuzalisha. Usiporudi, hawatampa mtu wa hapa visa tena."

Katungu alikuwa muuguzi wa kituo kile. Akina mama wote wa milima ile walijifungulia mikononi mwake, na wengine walimfia humo humo kwa sababu kulikuwa na mambo ambayo hakufundishwa.

Asubuhi ya kuondoka, watu wa chukudu walimsindikiza mpaka kwenye gari la Beni. Syauswa, mwenzake wa njia, mtu wa mdomo, alicheka:

"Mwenye anatoka mu vita na ndege, anarudia kutafuta nini? Masasi ya bunduki?"

"Nyamaza, we Syauswa," alisema Godelive, mke wa Josaphat. Kisha akamgeukia mume wake bila kumtazama machoni. "Baba Falonne, batoto bako bane. Banakungojea."

Huko Uswisi Josaphat alizungumza parokiani kwa Kifaransa chake cha shule, na wazee walilia. Gamaliel Mathe alikuja kumsikiliza. Walikuwa wamesoma pamoja sekondari, wakilala internat, bweni la shule, kitanda cha chini na cha juu. Gamaliel alitoka nyumbani mwaka wa themanini na nane, na sasa alifanya kazi katika jiko la hospitali. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Ndege ilikuwa Jumatatu.

"Kesho ni anniversaire yako, siku ulizaliwa," Gamaliel alisema. "Nimeona mu passeport. Tunaenda ku ski, mimi na wewe, mpaka Jumapili."

"Ile siku ni ya batizo, mon cher. Mama hakujua tarehe. Alisema tu nilizaliwa wakati wa kuvuna maharagwe. Padri akaandika siku ya maji."

"Si kitu. Hapa hakuna mutu anavuna maharagwe. Nitakutafutia viatu."

Viatu vyenyewe vilikuwa vigumu, kama kutembea na miguu ndani ya bidoni mbili za mafuta. Walimfunga mbao ndefu, wakampa fimbo mbili, wakamweka juu ya kilima cha watoto. Theluji iliwaka kwa jua mpaka macho yakatoa machozi. Gamaliel alimweleza: ncha za mbele uzilete karibu, visigino uvisukume nje, uiname mbele. Josaphat alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia.

Lakini mwili wake ulikuwa na mwalimu mwingine. Mbao zilipoanza kukimbia, aliegemea nyuma, akapiga goti nusu, akakanyaga kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote, akitafuta kile kipande cha tairi. Kadiri alivyokanyaga ndivyo mbao zilivyozidi mwendo. Mbele yake kulikuwa na watu wamesimama kwenye mstari wakingoja kupanda, na mbio zile alizijua: ni za mtu mwenye magunia matano mgongoni mwa chukudu.

"Toka mu njia!" alipaza sauti kama yuko kwenye mteremko wa Masereka. "Toka! Haina freins!"

Hakuna aliyejua Kiswahili, lakini wote walielewa. Mstari ukapasuka katikati, Josaphat akapita, akaingia katika rundo la theluji mpaka kiunoni. Watoto wakapiga makofi. Gamaliel alicheka mpaka akakaa chini.

"Mutu wa chukudu! Umetafuta freins wapi, mu soksi?"

"Cheka tu," alisema Josaphat, akitema theluji. "Nirudishe juu."

Alianguka tena mara nne. Mara ya sita alisimama muda mrefu akiutazama mteremko, jinsi ulivyolala, mahali ulipoinuka kidogo, mahali kivuli kilipoonyesha barafu ngumu. Hilo hakuna wa kumfundisha. Akausahau mguu wa nyuma, akainama mbele kama alivyoambiwa, akashuka polepole akikata kushoto na kulia, mpaka chini, wima. Saa tisa walipanda kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya mpaka kilima cha kati. Gamaliel, mwenye miaka kumi na miwili ya Uswisi, alianguka kwenye kona ya kwanza. Josaphat alifika chini, akamngoja akiwa ameegemea fimbo zake kama mwenye mlima.

"Mulima ni mulima," alimwambia. "Sisi tulizaliwa ndani yake."

Katika mkahawa Gamaliel alimwekea keki na mishumaa. Josaphat alifanya ishara ya msalaba, akazima mishumaa, wakala. Ndipo Gamaliel akasukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa na anwani ya mahali wanapopokea watu wanaokimbia vita.

"Jumatatu usipande ndege. Uende pale. Hautadanganya hata neno moja, vita iko. Miaka mbili hivi, unaita Godelive na batoto."

Josaphat aliweka kijiko chini. Majuma matatu hakuwa amesikia mlio wa bunduki. Binti yake Falonne, mwenye miaka kumi na mmoja, aliweza tayari kusema kwa mlio tu kama ni bunduki au bomu, na kama liko mbali au karibu.

"Na Katungu? Nikibaki hapa, yeye hatapata visa," alisema.

"Katungu ni muke wako?"

"Hapana. Mais ni yeye anazalisha bamama bote kwetu."

"Donc unatupa maisha ya batoto yako juu ya visa ya mutu mwingine?"

Neno lile lilimvuta Josaphat abaki. Huo ndio ukweli, na yeye mwenyewe hakuuficha kamwe alipowasimulia watoto wake baadaye. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumapili asubuhi alikwenda misa katika kanisa dogo chini ya mlima. Padri alisali Kijerumani, Josaphat hakushika hata neno, lakini alijua wakati wa kupiga magoti. Ilipofika Baba Yetu aliisali kwa Kinande, lugha ya nyumbani, kwa sauti, na akajikuta anamwona mama yake. Mama alimlea hivi: ukitumwa kwa jirani, leta jibu kwanza, kucheza baadaye. Hata kama kwa jirani kuna sherehe. Milima yote ile ilikuwa imemtuma, na ilikuwa bado inangoja jibu. Alilia kidogo pale kwenye benchi, kwa ajili ya Falonne. Kisha akatoka, akamrudishia Gamaliel karatasi yake.

"Unaenda kufia mu pori," Gamaliel alisema kwa hasira.

"Labda. Mais batanizika batu benye bananijua."

"Uko mujinga, Josaphat."

"Niko. Tulisoma darasa moja."

Gamaliel hakucheka. Jumatatu alimpeleka uwanja wa ndege. Mlangoni akavua koti lake la manyoya, akamvika rafiki yake, akaondoka haraka.

Koti lilifika Beni tu; askari wa kizuizi walilipenda, wakalichukua. Barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa, naye akatembea siku mbili na wanawake waliobeba mafuta ya mawese. Aliingia Butembo Alhamisi, na shati tu, pale wanaposhushia viazi. Syauswa alikuwa amepiga goti juu ya chukudu ya Josaphat. Alishuka taratibu kama mtu aliyeona mzimu.

"Umerudia kufanya nini hapa?" alisema, na machozi yakamtoka. "Mujinga kabisa!"

Godelive alikuwa hatua chache kutoka pale, akipanga vitunguu vya liki kwenye beseni. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Mimi nilijua atarudia," aliwaambia watu.

"Uongo!" alisema Syauswa. "Ulikuwa unalia kila siku!"

"Nililia, ndiyo. Mais nilijua."

Jumapili ile Josaphat alisimama mbele ya kanisa la Masereka, akatoa jibu lake lote, hata habari ya kuanguka mara tano, na kanisa likacheka kwa mara ya kwanza tangu Noeli.

Mwaka uliofuata Katungu alipata visa. Alikwenda, akasoma miezi mitatu. Siku aliyotazamiwa kurudi, Josaphat aliteremka mpaka mpakani Kasindi kumngoja. Gari la Katungu lilichelewa. Alingoja siku tatu, akilala kwenye kibaraza cha kanisa, na watu wakaanza kumwambia aende zake, Katungu amebaki Ulaya. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, Katungu alivuka kizuizi akivuta sanduku kubwa la vyombo vya kuzalishia. Josaphat alimsalimia, akaliinua sanduku, akaliweka kichwani, wakashika njia ya Beni.