Miguu Yangu Ilipokuwa Choo cha Mjukuu

Watu wakianza kukumbuka ile fujo ya baada ya kura, kila mtu hutoa yake. Huyu atakwambia alivyoona soko likiungua, yule alivyolala kwa uwanja na watoto bila blanketi. Mimi huwa nanyamaza. Yangu ni ya mavi, na ukiianza mbele ya watu wanaokula wanakufukuza. Sasa wewe unasoma, hauli. Kama unakula, weka sahani chini kidogo.

Msichana wangu alikuwa akiishi Kawangware, akifulia watu nguo kwenye manyumba makubwa ya Lavington. Krismasi hiyo wageni walikuwa wengi na kufua kulikuwa kwingi, akaniletea mtoto wake hapa Mashimoni, Kibera, angekuja kumchukua Jumapili. Bibi yangu alikuwa ameenda nyumbani Kitui kupalilia, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha ya kueleweka, na mwanamke wa kwetu akisikia mvua imenyesha hata umfunge kamba ataenda. Kwa hivyo nilibaki mimi na mtoto. Mimi ni fundi wa rangi. Ukuta najua kuupapasa nikakwambia kama umekauka, lakini mtoto hapana. Wangu walikua nikiwa kazini. Nilitoka asubuhi wamelala, nikarudi wamelala, siku moja nikashtukia wananiomba karo.

Huyu alikuwa wa kike, miaka miwili hajafika, mnene wa mashavu. Jumapili ndiyo ile jioni ya kutangaza kura. Redio ilikuwa haijamaliza kusema na Kibera yote ikapiga kelele, halafu moshi. Barabara ikafungwa. Mama yake hakuja.

Mwanzo sikujua kuna shida. Mkojo alikuwa anaumwaga popote, mpaka ndani ya kiatu changu cha kanisa. Ile nyingine ndiyo sikuiona, na mimi nikafurahi, nikasema huyu mtoto ni msafi. Sikuwa na akili hiyo ya kujua kwamba kinachoingia lazima kitoke.

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na mahali pa kuchajia palikuwa pamefungwa. Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Magharibi anayeuza omena, ndiye alikuja mbio ameshika yake akasema msichana wako. Siku hizo kila simu ilikuwa ya kuuliza mko hai, nani amechomewa, nani amepotea. Msichana wangu hata hakunisalimia.

"Baba, amekunya?"

Jirani alisikia, akageuka akashika ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Nikasema hapana, tangu umlete. Halafu akaniambia yale alikuwa amesahau kuniambia, kwamba alikuwa katikati ya kumfundisha mtoto. Anakaa kwa kigoda, ananyoosha miguu, anamkalisha mtoto juu ya miguu yake miwili, nafasi katikati, gazeti chini, wanaangaliana. Mtoto ameshajua hapo ndipo pa kuenda haja, na pahali pengine hataki. Kwetu hata mimi nililelewa hivyo, nadhani, lakini nani anakumbuka miguu ya mamake kwa mambo hayo.

"Usimwekee karai, ataogopa," akasema. "Mpe miguu. Na ushike tumbo lake kila asubuhi. Likiwa gumu kama mbao, usingoje barabara ifunguliwe. Tafuta vile utamleta."

Basi kazi yangu ikawa hiyo. Kupaka rangi hakukuwa, nani anapaka nyumba wakati nyumba zinachomwa? Nikakaa kwa kigoda, nikanyoosha miguu, nikamkalisha. Aliijua nia yangu mara moja, akanishika vidole gumba vya mikono, akaniangalia usoni sana. Nikaona sasa mambo iko sawa. Hapo hapo jiwe likaanguka kwa mabati. Niliruka, mtoto akaenda chini.

Ilikuwa hivyo kila wakati. Nyumba yangu ni chumba kimoja na mlango wenye ufa, na mimi masikio yalikuwa nje siku nzima. Mtu akikimbia kwenye kichochoro, nasimama kuchungulia. Mbwa akibweka, nasimama. Kukinyamaza ndiyo mbaya zaidi, nasimama kuuliza kwa nini kumenyamaza. Sisi watu wa kutoka Kitui tulikuwa hatujui tuko upande gani, kila upande ulituona wa ule mwingine. Wapangaji wengine walikuwa wamehamia kwa ndugu zao kule kwenye magorofa ya Nyayo Highrise, kwenye vyoo vya kuvuta maji, na mlinzi wa plot yetu akaenda na ufunguo wa choo. Mimi nikazunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtoto naye akajifunza. Mguu wangu ukistuka tu, hata kidogo, anafinya matako na kushikilia gauni, na hiyo siku imeisha.

Na chakula chenyewe kilikuwa ugali na strungi, chai isiyo na maziwa. Sukuma wiki haikuwa inafika. Jirani akanipa kipande cha sabuni, akanieleza nikichonge kama msumari na nikitie mahali pake. Nilikichonga vizuri sana, mimi ni mtu wa mikono. Kukitia nikashindwa. Mtoto aliniangalia tu na mimi nikaweka kile kisabuni juu ya kabati, nadhani nilikuja kuoshea shati baadaye.

Jirani akajaribu kumkalisha kwa miguu yake, mtoto akalia mpaka akakohoa. Ilikuwa lazima iwe mimi.

Asubuhi moja nikashika tumbo na likawa mbao. Hakutaka chai. Alikuwa amejikunja kwa kitanda, halii. Mtoto akilia ni afadhali. Nikamchukua, nikakaa, nikanyoosha miguu, nikamwambia leo hatutoki hapa.

Alianza kujikaza. Uso ukawa mwekundu, jasho kwa pua. Na ndiyo wakati huo kichochoro kikajaa miguu, watu wengi, na jirani akagonga mlango akasema wanawake na wazee wanatoka pamoja kuelekea barabarani, vijana waliofunga njia wamekubali wapite, twende sasa hivi. Mimi nilikuwa nimeona hizo "sasa hivi" zikiisha, njia ikifungwa tena. Kila nywele ya mwili wangu ilisimama. Lakini mtoto alikuwa amenishika vidole, amefumba macho, na nikajua nikiinuka hiyo haitarudi tena. Nikaiambia miguu yangu, kimoyomoyo, mkitikisika nitawakata.

"Mzee, wanaenda," jirani akasema.

"Nendeni," nikajibu. "Mimi niko kazini."

Akanitukana kidogo kwa Kiluhya, halafu nikasikia akienda. Sauti zikapungua, zikaisha. Kule mbali kitu kikalipuka, sijui ni gari au ni duka. Miguu haikutikisika. Nilikuwa nauma mdomo mpaka nikasikia ladha ya damu.

Ya kwanza ilitoka ngumu kama ya mbuzi, akalia nayo. Halafu zingine zikafuata, halafu zote. Sitakueleza zaidi. Alipumua kama mtu aliyetua gunia, akaweka kichwa kwa goti langu, akaomba chai.

Sasa niweke wapi? Pale ndani ndipo tunalala na kupika. Nikatia kila kitu kwenye mkebe wa rangi mtupu, nikafunga kifuniko, nikamfunga mtoto mgongoni na leso ya bibi yangu, nikatoka kutafuta choo cha kulipia kilichokuwa karibu na kioski ya maji. Kabla ya kioski, vijana walikuwa wameweka mawe na kitanda cha chuma katikati ya njia.

"Buda, simama hapo," mmoja akasema. "Mkebe wa nini?"

Nikasema ni wa mtoto.

"Wa mtoto," akawaambia wenzake. "Ni petroli hiyo. Hawa ndio wanatuchomea. Unatoka wapi? Toa kitambulisho."

Kitambulisho kilikuwa kwa mfuko wa nyuma, chini ya mtoto, na mimi sikutaka kabisa wasome jina. Nikamwambia, kijana yangu, fungua ujionee. Akachukua mkebe kwa kiburi, akatia kisu kwenye kifuniko, akakiinua, akainama kunusa petroli.

Aliruka nyuma akajigonga kwa kile kitanda. Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye matope.

"Umenusa?" wakamwambia. "Ni super ama ni dizeli?"

"Pita, mzee. Pita na hiyo kitu yako. Funika."

Nikapita. Choo cha kulipia kilikuwa kimevunjwa mlango na kimejazwa mawe. Nikasimama. Kurudi ni kupita kwa wale tena, na pengine kicheko kimeisha. Miguu yenyewe ikaamua. Nikashika njia ya Makina, nikapita msikiti, nikapita soko lililokuwa majivu tu na waya, nikatokea Ngong Road. Mtu akinikaribia, nilikuwa nainua mkebe na kuanza kuufungua mwenyewe. Askari mmoja alinipungia mkono nipite kutoka mbali kabisa. Nilitembea hivyo mpaka Kawangware, mtoto amelala mgongoni, mate yake yakiingia kwa kola yangu.

Msichana wangu alikuwa nje akianika nguo. Hakupiga kelele. Alimfungua mtoto mgongoni, akatia kiganja chini ya gauni, akabonyeza tumbo pole pole huku na huku. Akabonyeza tena. Halafu akakaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni, mtoto kifuani, akaanza kulia bila sauti.

Baadaye ndiyo aliona mkono wangu.

"Na huo mkebe, baba?"

"Nilikosa pa kumwaga," nikamwambia.

Akanionyesha choo chao na akaniletea kiti nikae. Nilimwambia asante, lakini sikuweza kukaa, masikio yangu yalikuwa bado yako nje. Nilizunguka ile plot mpaka jua likashuka, na wapangaji wenzake wakawa wanamuuliza huyu mzee anatafuta nini.