Kampuni ya kamera yangu ilipoacha kutengeneza kamera tulikaa msiba, jubilei ya wazazi ikanikuta na betri kwapani

Wakuu heshima zenu.

Hiki ninachoandika hakina chumvi. Mke wangu amekisoma kabla sijapost, kwa hiyo hata nikitaka kujisifia siwezi.

Mimi ni mpiga picha wa shughuli, nipo Mafinga. Harusi, send-off, kipaimara, mahafali, nikiitwa nakuja. Miaka kumi na moja nimetumia kamera ya kampuni moja tu. Jina silitaji. Wenyewe wameshaling'oa mlangoni, mimi ni nani nije kuliandika hapa.

Wenye kamera hizo tulikuwa na grupu letu WhatsApp, watu wa Mbeya, Iringa na Njombe. Kazi kubwa ya grupu ilikuwa kuwacheka watu wa kamera nyingine.

Na tulikuwa na jambo la kujivunia. Kamera yetu ilikuwa inakataa betri feki. Ukiipachika betri ya mtaani, kioo kinaandika kwamba haiitambui, halafu inazima. Tukawa tunatamba kwamba kamera yetu hailishwi kila kitu.

Mshindani wangu hapa mjini anaitwa Obadia. Yeye anatumia ile kamera ambayo kila mtu anayo. Nimemsema huyo mtu hadi kwenye vikao vya harusi, naye amekaa palepale na soda yake. Alikuwa anacheka tu, na hicho ndicho kilichokuwa kinanikera.

Basi asubuhi moja mtu akatupa link kwenye grupu. Kampuni imeacha kutengeneza kamera, inawashukuru wateja wake waaminifu, na betri ndiyo basi tena.

Wakuu, tulikaa msiba. Sitanii.

Watu waliweka profile nyeusi. Jamaa mmoja wa Tukuyu akaandika "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Mwenyekiti wetu, mwenye studio pale Igawa, akatuma voice ya dakika sita, sauti inakatika kwa kilio. Akasema atakayehamia kamera nyingine kabla ya kuanua matanga hana utu. Akashauri wanaostaafu wamtumie yeye betri zao, ziwe akiba ya sisi tutakaobaki imara.

Nilikuwa wa kwanza kuandika "Amina."

Pembeni kidogo: kampuni yenyewe nadhani haijui hata kama Igawa ipo.

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu. Wazazi wangu wako Ipogolo, na mwaka huu walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Harusi yao haina hata picha moja. Mpiga picha alikuja, akawapanga, akapiga, kisha filamu ikaungua. Mama amekuwa akilisimulia hilo tangu nimepata akili, na kila akilisimulia anamalizia kwa kusema gauni lilikuwa zuri.

Nilimwahidi kwamba ya jubilei nitapiga mwenyewe, yeye na baba na ndugu zao wote waliobaki, mstari mmoja. Kwa umri wao, kuwakusanya tena vile ni majaliwa.

Hali yangu ya betri ilikuwa hivi. Nilikuwa nazo mbili. Moja ilivimba kama andazi, haiingii. Ya pili ilikuwa inadumu dakika ishirini, na kwa baridi ya Mafinga hata hizo hazifiki. Nikagundua ukiipasha joto inajikaza kidogo. Kwa hiyo nilikuwa natembea na betri kwapani, mtu mzima na akili zangu.

Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, mwombe Obadia."

Nikamjibu, "Siku Obadia akipiga picha kwetu, ujue anapiga jeneza langu."

Wiki moja kabla ya jubilei nikafunga safari hadi Igawa kuchukua betri za akiba. Nikamkuta mwenyekiti studio, anampiga mteja picha ya paspoti.

Kwa kamera kama ya Obadia. Mpya. Bado ina karatasi ya nailoni kwenye kioo.

Nikakaa kwenye benchi nikasubiri amalize. Nikamuuliza, "Mwenyekiti, na matanga?"

Akasema, "Ndugu yangu, marehemu hafufuki. Maisha yaendelee."

"Na betri za wanachama?"

"Ah, zile. Nilipouza kamera yangu kwa jamaa wa Mbeya, akataka na betri zake zote. Ningemnyimaje?"

Kisha akaingia ndani akaniletea kofia yenye nembo ya kampuni. Eti nimeistahili, mimi ndiye mwaminifu kuliko wote. Nikaipokea. Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Siku ikafika. Kanisani niliibania sana ile betri. Maagano napiga mbili, pete moja, nazima, narudisha kwapani. Mchungaji alikuwa ananiangalia kwa huruma, nadhani alidhani naumwa ubavu.

Tukatoka nje kwa picha yenyewe. Baba na mama katikati, shangazi, wajomba, mama mdogo aliyetoka Rungwe akiwa ameshikiliwa pande mbili. Wazee wamenyooka, wametulia. Nikainua kamera.

Kioo kikawa cheusi.

Nikaitoa betri, nikaipasha. Nikaipulizia. Nikairudisha, nikaitoa. Mama bado anatabasamu vilevile, hataki kuharibu. Wakuu, hapo nilitaka kulia. Niliiona ile filamu iliyoungua inaungua tena, safari hii mikononi mwangu mimi mwanawe.

Mara Obadia huyu hapa, ametoka upande wa wageni na begi begani. Mke wangu alikuwa amempelekea kadi. Kadi ya kawaida kabisa, ya kuja kula.

"Kamwene, wazee wangu," akawasalimia, nao wakaitikia. Akanigeukia, akaniambia taratibu, "Pole na msiba, fundi."

Nikasogea pembeni nimpishe. Akasema, "Unaenda wapi? Ingia kwenye mstari."

"Mimi huwa napiga, sipigwi."

Baba akang'aka, "Wewe, ingia bwana! Wazee wamesimama!"

Nikaingia. Obadia akapiga, akarudia mara nyingi, wala hakupasha kitu.

Ile picha ipo sebuleni Ipogolo sasa. Kwenye kona ina jina la studio ya Obadia, kubwa tu, hakujificha. Nilipoenda kuwasalimia wazee nilijiandaa kwa maneno. Mama akanishika mkono, akanisimamisha mbele yake.

Akasema, "Miaka yote hiyo umetupiga picha, mwanangu. Nimepekua albamu zote. Hii ndiyo pekee uliyomo."

Nikabisha. Tukazitoa albamu. Harusi ya dada yangu simo. Kipaimara cha Neema, binti yangu mwenyewe, simo. Krismasi zote simo. Miaka kumi na moja nimeitetea kamera, na nyumbani kwetu sikuwa nimeacha hata sura.

Nilichojifunza ni kwamba uaminifu wangu niliupeleka kiwandani, na kiwanda hakikuwahi kuuomba. Aliyenisaidia ni yule niliyemtukana, na aliyemwita ni mke niliyemkatalia.

Ndiyo, nimenunua kamera kama ya Obadia. Ndiyo, nipo kwenye grupu lao. Na ndiyo, juzi nimeshambishia mtu wa kampuni nyingine mpaka admin akaingilia. Mniombee.

Uwanja wenu wakuu. Ila kabla hamjaja kunicheka, wapiga picha wenzangu, kafungueni kwanza albamu za kwenu mhesabu mmo kwenye ngapi. Mkirudi, nitukaneni.