Mshipi Niliousaga kwa Meno

Ule mshipi wa kuvulia haukukatika wenyewe. Niliukata mimi. Nimelikana jambo hili mbele ya wakuu wangu wa kazi, mume wangu na mchungaji, tena kwa sauti ya mtu msomi, ambayo huaminika hata inapodanganya.

Niliajiriwa kuwa ofisa uvuvi, "Bibi Samaki" kwa watu wa pwani, nikiwa na shahada na bila kujua kuogelea. Siku ya kwanza Kilwa, Ofisa Uvuvi wa Wilaya alinitazama kuanzia viatu.

"Umetoka wapi?"

"Rungwe, mkuu. Nkunga."

"Bahari umeionea wapi?"

"Chuoni, mkuu."

"Kwenye picha," akasema, akanikabidhi ubao wa kupimia samaki.

Kazi ilikuwa kuwapima samaki walioshushwa, na mara mojamoja kutoka na wavuvi. Ndivyo nilivyopanda boti ndogo ya Nahodha Hamisi. Yeye alikaa nyuma kwenye mashine; mdogo wake, Musa, ndiye aliyetunza mishipi. Kila alfajiri aliipitisha yote katikati ya vidole, pima kwa pima, akitafuta palipochubuka. Mshipi wa mkono hauna kingine cha kuuzuia. Vidole ndivyo breki.

Siku moja alinasa jodari mkubwa. Musa alihangaika naye mpaka jua likawa utosini. Samaki alipoanza kulegea, Musa akanipa mshipi ili achukue fimbo yenye kulabu ya kumpandishia.

"Shika tu, bibie. Akivuta, mwachie."

"Usimkumbatie," Hamisi akacheka, "huyo si mkungu wa ndizi!"

Nikafanya anachofanya kila mtoto aliyekulia na ng'ombe Nkunga: nikauzungusha kiganjani mara mbili kama kamba, ndama asiponyoke. Jodari akazama. Mshipi ukaingia nyamani, kifua kikagonga ukingo, boti ikalala upande na maji yakamiminika ndani. Uso wangu ulikuwa shubiri moja kutoka baharini. Chini hapakuonekana kitu. Hamisi alikuwa ameinamia mashine, Musa akiitafuta fimbo. Kisu cha chambo kilikuwa karibu na goti. Nikakata.

Boti ikainuka. Wale ndugu wakainama kuchota maji, migongo yao kwangu, nami nikausaga mwisho wa mshipi kwa meno ufanane na uliochakaa.

"Umekatika wenyewe," nikasema.

Hamisi akaushika, akamgeukia mdogo wake. "Leo samaki, kesho roho ya mtu. Usikanyage tena boti yangu."

"Kaka, asubuhi niliupitisha wote."

"Basi vidole vyako vimekufa."

Nikakificha kiganja ndani ya kanga. Niliporudi, Mkuu wa Kituo chetu alisikia maelezo yangu, akaniagiza niandike kwenye ripoti "kifaa kilichakaa". Nikaandika, nikagonga mhuri. Nikahamishiwa Mafia, kisha Tanga, kisha ofisini, ambako samaki ni wa makaratasi na hawavuti mtu. Vijana mnaoingia kazi hii leo mnavaa maboya. Sisi tulivaa vyeti.

Nimestaafu, nimerudi kwetu Rungwe, naishi Msasani, hapa Tukuyu. Mwezi uliopita mwenzangu wa zamani wa Kilwa alinieleza kwamba Musa amefiwa na mkewe, na Hamisi, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, hakwenda kuzika. Hawajasemezana tangu ule mshipi. Nikamwomba namba ya Hamisi.

Siku mbili nilizunguka migombani na simu mkononi, nikiombea mtandao upotee. Haukupotea.

"Nahodha, ni Bibi Samaki. Yule wa Tukuyu."

"Wa ndizi! Kumbe u hai?"

Nikamweleza yote: kiganja, kisu, meno. Nilisikia pumzi zake tu, nikaogopa kuliko nilivyoogopa kwenye ule ukingo.

"Unasema Musa hakukosea?"

"Hakukosea, nahodha."

"Baki hapo hapo."

Hakunitukana, wala hakunisamehe. Nikasikia kiti kikiburuzwa, kisha kandambili za mzee zikikwaruza mchanga, polepole, kwa muda mrefu. Zikasimama.

"Hodi," akaita. "Musa, ni kaka yako. Nilikosa mimi. Fungua."

Komeo likavutwa.