Siku Kicheko Aliposhindwa Kukunja Shuka

Katika chumba cha kufulia cha hospitali alikuwepo dobi wa miaka hamsini na tatu ambaye wote walimwita Kicheko. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Asubuhi, mashine hazijawashwa, wenzake walikuwa wameshashika mbavu. "Hili shuka limelaliwa na bosi," angesema, "hata kulikunja linataka barua rasmi."

Wasichokijua ni kwamba nyumbani hakuwa na kicheko chochote. Mkewe alikuwa katika mji wa mbali, mwezi wa tano sasa, akimsaidia binti yao aliyejifungua mapacha. Mwanzoni Kicheko alidhani ni upweke wa kawaida. Kisha chakula kikakosa ladha. Akawa anakula amesimama, humo humo kwenye sufuria. Jumapili moja aliketi kitandani avae viatu aende kwa shemeji yake. Akavaa kimoja. Mpaka adhuhuri alikuwa bado anakitazama kile kingine.

Kilichomtesa zaidi ni kukosa sababu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemkosea, tena amepata wajukuu wawili kwa mpigo! Mkewe alipopiga simu kumjulia hali, alijibu, "Mzima kama chuma, mama watoto." Simu ikikatwa, chumba kilizidi kuwa kimya.

Mashuka makubwa hukunjwa na watu wawili. Mwenzake alikuwa mama mpiga pasi, mwenye sauti kubwa na roho safi. Siku moja walishika ncha, wakalinyoosha shuka, wakaanza kusogeleana, na Kicheko akasimama njiani. Mikono iligoma. Machozi yakamtiririka.

Mpiga pasi akaangua kicheko. "Jamani, njooni mwone! Leo katuletea mchezo wa kuigiza!"

Wakaja, wakapiga makofi. Kicheko akajifuta uso kwa lile shuka safi, akainama kama mwigizaji jukwaani. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa mpweke namna ile.

Alasiri akatumwa kutundika mapazia katika chumba cha ushauri nasaha. Mshauri, mwanamke wa rika la binti yake, alikuwa peke yake. Kicheko akapanda ngazi, akampa mgongo, akatundika pazia la kwanza.

"Daktari, hapa wanakuja waliorukwa na akili tu, au hata dobi anaruhusiwa?"

"Mimi si daktari, mzee wangu. Huyo dobi ana nini?"

"Nguo zimemchoka."

Akasubiri acheke. Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akangoja. Ule ukimya ukamshusha Kicheko kwenye ngazi.

"Mwanangu," akasema, "sijui nina nini."

Alieleza yote, hata kiatu. Mshauri akamuuliza kuhusu usingizi, chakula, na kama amewahi kutamani kufa. Aliuliza waziwazi, kama mtu anayeuliza habari za homa, na Kicheko akajikuta akisema kweli: mara mbili tatu alilala akiomba asiamke, ingawa hakupanga lolote.

"Asante kwa kuniambia," mshauri akasema. "Huu ni ugonjwa, na una tiba. Hausubiri upate sababu ndipo uje. Kesho utamwona daktari, Alhamisi urudi kwangu. Lakini leo, mwambie mtu mmoja wa kwako."

Jioni akampigia mkewe. Alipoulizwa hali, maneno ya chuma yalimfika mdomoni, akayameza.

"Si mzima, mama watoto. Kitambo sasa."

Kule mtoto mmoja alilia, akabembelezwa.

"Mbona hukuniambia, baba watoto?"

"Nilifikiri nitakuharibia furaha."

"Niongee nini sasa?"

"Usiongee. Kaa tu kwenye simu."

Akakaa. Kicheko akaweka simu mezani, sauti wazi, akaketi kula. Chakula hakikuwa na ladha bado, na kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu vilevile, lakini alisikia mtu akipumua upande wa pili.